Hoteli zikijaa Disemba ni habari, nyumba zetu zikijaa mbona haziandikwi?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Kila ikifika Disemba mnatuwekea picha ileile, watu wamefurika Pirates hapa Mombasa (kwenye makaratasi ni Jomo Kenyatta Public Beach, lakini nani anaita hivo), ngamia wamepambwa, watoto wana maboya shingoni, na juu yake maandishi makubwa kwamba hoteli zimejaa, treni imejaa, biashara imenoga. Ni kweli na tunashukuru, mji huu unakula kwa wageni na mume wangu ni mmoja wa wanaokula huko. Lakini nyumba nazo zimejaa bwana mhariri, na katika kila nyumba iliyojaa yuko mtu mmoja, mara nyingi ni mwanamke, ambaye ikifika tarehe 27 hivi anaingia chooni akajifungia, haja hana, anatafuta tu mahali ambapo hakuna mtu atamuuliza chumvi iko wapi. Huyo sijamsoma bado kwenye gazeti lenu ndio maana leo nimeamua kuandika mimi.

Nimesoma makala nyingi kwa simu za stresi za mwisho wa mwaka na karibu zote zimeandikwa na watu wa baridi. Siwalaumu, wana yao. Mdogo wangu yuko London, ananiambia Disemba jua linazama hata saa kumi jioni haijagonga, ile siku fupi kabisa ya mwaka mchana wake hautimizi saa nane, na kuna watu giza hilo linawashusha moyo mpaka wanashindwa kutoka kitandani, ni maradhi yanayojulikana, madaktari waliyapa jina tangu 1984 na wengine huambiwa wakae asubuhi mbele ya taa kali nusu saa hivi. Sasa yeye akipiga simu huniambia nyinyi mna raha, jua mnalo. Jua tunalo wallahi. Linazama saa kumi na mbili na dakika zake kama miezi mingine yote, halina habari na Disemba, ila kaskazi ishaingia, mchana joto linapita digrii 30 na usiku halishuki kitu cha maana, unyevu ndio huo shuka inakugandia mgongoni. Mwili ili ulale vizuri lazima upoe kidogo, haya upoe wapi, chumba kimoja watu sita na feni moja ambayo inazunguka mpaka tokeni za umeme zikate saa tisa usiku na kila mtu anaamka anauliza nani alikuwa anunue tokeni. Mtu akikaa hivo siku kadhaa hajalala, mtoto akimwaga chai ni kelele mpaka nyumba ya tatu. Kisha nakuta makala inaniambia jifunike blanketi laini unywe chokoleti ya moto. Kwa Mombasa hii? Si nitakufa.

Nyumba yetu ni ya Kiislamu na Krismasi si sikukuu yetu, lakini mzigo wa Disemba hauulizi dini. Shule zimefungwa muda mrefu, hazifunguliwi mpaka Januari, ofisi za Nairobi zinafungwa, basi kila mwenye jamaa pwani anakumbuka kwamba ana jamaa pwani. Na kwa sababu jamaa wote wapo, harusi nazo zinapangwa mwezi huohuo. Jirani yangu Mkristo naye ana yake, kwao ni Busia, nauli ya basi mwezi huu hupanda kama moshi na yeye ana watoto wanne, mwaka jana hakuweza kwenda na aliona haya, tarehe 25 alifunga mlango na madirisha na watoto wake ndani ili watu wadhani wamesafiri. Nilimgundua kwa harufu ya vitunguu. Tulikula pamoja siku hiyo, lakini fikiria mtu mzima anajificha ndani ya nyumba anayoilipia kodi, joto lile, kwa sababu ya sikukuu.

Mimi naishi na mavyaa, yaani nyumba yangu ndio nyumba ya mama kwa wifi zangu na mashemeji na watoto wao wote walioko Nairobi na Machakos. Hapo ndipo penye ugumu manake hawaji kwangu, wanaja kwa mama yao, na nani atamwambia mtu asije kumuona mamake? Kwa hivo simu haipigwi wakitoka, inapigwa wakiwa Mtito Andei. Basi limesimama, watu wananunua soda na mayai, ndipo mtu anakumbuka, "Wifi hujambo, sisi tuko Mtito hapa, tuko saba, usisumbuke." Usisumbuke! Kutoka Mtito mpaka Mombasa ni nusu ya safari tu imebaki, nina saa nne tano za kutafuta magodoro, kukuna nazi, kutoa nguo za watoto wangu kwenye kabati na kuwaambia leo mnalala sebuleni. Na wakifika watakuta kila kitu kiko tayari, watasema "aa Mombasa raha, hamna presha nyinyi", wataingia kuoga mmoja baada ya mwingine.

Kuoga huko nako. Mfereji wetu haukohoi siku nyingi za wiki, maji ya mji huu yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na mpaka yafike Mtopanga yashachoka. Tunanunua kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na wauza maji hawana ujinga, wakiona viatu vingi mlangoni bei inabadilika hapohapo. Mgeni wa Nairobi anaoga mara tatu kwa siku sababu ya joto, simlaumu, lakini ule mtungi mmoja anaomwagia mabegani akiimba mimi ningepikia, ningeosha vyombo na yanayobaki ningevuta choo. Halafu ni mahamri. Kila mgeni anataka mahamri na mbaazi kila asubuhi manake ndio amekuja Mombasa. Watu hawajui kwamba unga wa mahamri unakandwa usiku, watu wote washakwenda kulala, na kwa joto la kaskazi ukiuacha mpaka alfajiri kama miezi ya baridi unaumuka unafurika bakuli unachacha, kwa hivo ni kulala nusu nusu, unaamka kuuangalia unga kama mtoto mchanga. Gesi nayo ina tabia ya kwisha pilau ikiwa imekauka chini na juu bado mbichi, unawasha jiko la makaa uani, moshi unaingia chumba cha wageni, mtu anauliza "kwani mnapikia makaa bado?"

Mume wangu huwa hayupo kuona hayo. Ni mpishi wa hoteli upande wa North Coast na Disemba ndio sizoni. Watu wa hoteli wataelewa, kuanzia Aprili mvua zikianza wageni wanapungua, vibarua wanaambiwa wakae nyumbani watapigiwa simu, kwa hivo Disemba ikifika hakuna anayethubutu kukataa shifti, ofu zinafutwa, anatoka alfajiri anarudi usiku wa manane ananuka vitunguu na kuku, anakula mkate na chai ya rangi amesimama. Yeye ndiye mpishi na huku nyumbani hajapika hata yai. Sina ugomvi naye, hiyo pesa ya Disemba ndiyo inatuvusha mpaka Februari, lakini wageni wake mwenyewe anawaona wamelala tu, anapita juu yao kwa vidole kwenda kitandani, na asubuhi wananiuliza mimi: "Kaka amekuwa mkavu siku hizi, au mmekosana?"

Tukija kwa harusi ntasema kidogo tu manake nikianza gazeti halitatosha. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa, unaingizwa hujaulizwa, kuna mchango wa mama bibi arusi, kuna sare ya kesha, kuna sare ya siku yenyewe ambayo rangi yake haifanani na ile ya harusi ya wiki iliyopita hata huwezi kuirudia, na orodha inatumwa kila jioni majina ya waliotoa na mbele ya jina lako pako patupu. Mimi sasa nachangia ya mtu wa karibu mmoja, hao wengine nawapa mikono yangu, ntakuja kumenya vitunguu saumu na kuchambua mchele, sare sinunui. Yalisemwa yakaisha. Januari ni ndefu, watu wa bara wanaiita Njaanuari na hawakukosea, na mwenye mtoto wa kuingia Gredi ya 10 bweni anajua orodha ile, godoro, sanduku, shuka, sare, karo. Pesa ya karo nikiipata tu Novemba naifungia kule M-Shwari, benki ya simu, kwenye akiba ya kufunga, ikiwa huko hata shemeji akiniomba ya kukopa ya kwenda Diani namuonyesha simu, sina, na si uongo.

Sasa haya yote ni mambo ya kawaida mtu atasema, mama zetu walifanya, mbona hawakulalamika. Kwanza walilalamika sana, mlikuwa nje mnacheza. Pili, nataka niseme vile mwili unavofanya manake wengi tunadhani ni mashetani au ni kijicho. Moyo unakwenda mbio umekaa tu. Kichwa kinauma kwa nyuma. Unamsikia mtu anakuita jina lako na machozi yanakutoka kabla hujaitika. Chakula ulichopika mwenyewe hakipiti kooni. Mtoto wako anakuogopa. Mwenzetu mmoja hapa mtaani mwaka juzi alitoka nyumbani asubuhi na kikapu kwenda Kongowea kununua nyanya, akapanda matatu ikampitisha soko, akashuka mjini, akaenda akakaa pale bustani ya Mama Ngina kando ya bahari akiangalia meli mpaka magharibi, simu ameizima, nyumba nzima inamtafuta. Aliporudi watu walimwambia asomewe Kurani. Kusomewa ni kuzuri, hata mimi nasomewa, lakini hakumzuii mtu kwenda kwa daktari pia, na yule dada alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu shule zifungwe. Kama ni uchovu wa wageni utapungua wageni wakiondoka ukalala ukapumzika. Ukiona wameondoka, wiki mbili zimepita na bado, huna hamu na kitu, usingizi hakuna, au unawaza bora usingekuwepo, hapo ushavuka mambo ya wageni, nenda hospitali ukaseme hivohivo, na wala hizo wiki mbili usizingoje kama mawazo ya kujidhuru yashaanza. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya 1199, ni bure kupiga, unazungumza na mtu ambaye si shangazi yako na hatakwenda kuyasema kwenye grupu.

Lakini kwa sisi ambao hatujafika huko, dawa naona ni moja nayo haiuzwi dukani: watu waambiane mapema. Basi. Mwaka huu mwanzo wa Novemba nimeandika kwenye grupu ya famili, nimekaa na yale maneno siku nzima nafuta naandika, mwisho nikatuma hivi:

"Assalaam aleikum famili. Disemba hii nyumbani Mtopanga panalala wageni watano pamoja na watoto. Anayekuja aseme wiki mbili kabla na aseme anakaa siku ngapi. Aje na kimoja katika hivi: mchele, mafuta ya kupikia, au pesa ya maji. Vyombo vya usiku wanaosha wageni. Mama anawasalimu na anawangoja."

Kimya. Zile tiki za bluu zinaongezeka moja moja na hakuna anayeandika. Kisha mmoja akauliza kama sasa mama yao amegeuzwa gesti hausi. Mwengine akasema mke wa kuja ameota mapembe. Shangazi mmoja wa mume wangu akatoka kwenye grupu bila hata kuaga. Mimi mikono inatetemeka, nikampelekea mavyaa simu nikijua leo ndio leo, nikamsomea yote. Mavyaa ni mtu wa maneno machache. Akaniambia nibonyeze pale pa kurekodi sauti, akasema: "Mimi nilizaa watoto, sikuzaa wageni. Mtoto akija kwa mamake anashika ufagio." Akanirudishia simu akaendelea na tasbihi yake.

Baadaye jioni tumekaa barazani akanieleza vizuri zaidi, na hili ndilo ningependa vijana walisome manake wao ndio husema ukarimu wa Mswahili umekufa. Anasema zamani wakija jamaa kutoka mashamba walikuja na gunia, mahindi au nazi au muhogo, na wanawake wakifika hawakuketi kwenye kiti, waliingia jikoni moja kwa moja, huyu anakuna nazi, huyu anatwanga, mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anapumzika siku hiyo kwa sababu amepata watu wa kumsaidia. Wavulana wanatumwa maji kisimani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunaisema kama mzaha lakini jembe lilikuwa la kweli na mgeni mwenyewe aliliulizia kabla hajapewa. Tulichofanya sisi ni kubakisha ile milango wazi tukaitupa ile kazi ya pamoja, kisha yule mmoja aliyebaki na mwiko mkononi akisema amechoka tunamwambia hana utu.

Kwa hivo nyinyi mnaokuja, na karibuni sana, sisemi msije. Tiketi ya treni ya Disemba unajua usipoikata mapema huipati, unabonyeza *639# wiki kadhaa kabla, unachagua siku, unachagua behewa, unalipa. Haya, aliyeweza kupanga mpaka kiti cha dirishani, atashindwaje kumpigia simu mwenye nyumba anayokwenda kulala? Mkifika asubuhi chukueni watoto wote, hata wa mwenye nyumba, muende nao baharini mwenye nyumba abaki peke yake saa mbili tatu, hiyo ni zawadi kubwa kuliko ile keki mnayonunua njiani inafika imebondeka. Watoto majini wawe na mtu mzima wa kuwaangalia, si wote mmeinama kwenye simu mnapiga picha. Jioni mtoeni na yeye. Sisi wenye bahari ndio hatuioni, mimi Disemba yote nyayo zangu hazigusi maji ya chumvi na naishi mwendo wa matatu moja tu kutoka pwani. Muhogo wa kukaanga Mama Ngina wenye pilipili na ndimu, dafu moja, upepo unakupiga, hiyo ni pesa ndogo na mtu anarudi anacheka.

Wenye nyumba nao waache kusema "hakuna taabu" hali taabu ipo. Wape wavulana kazi ya maji, wape wasichana wa Nairobi unga wakande, mahamri yakitoka magumu wayale magumu. Mchana baada ya adhuhuri funga mlango wa chumba chako ulale hata kidogo, mtu akigonga usiitike, chumvi iko palepale kwenye kopo ataiona.

Na ninyi mnaopanga shifti hotelini, najua ni sizoni na mabosi wako juu yenu, lakini mtu akipewa ofu moja tu kwa wiki akae na watu wake mchana, akiwa macho, hamtapoteza mgeni hata mmoja. Wake zenu pia wana wageni.

Mpaka naandika, wifi wawili washajibu, mmoja anakuja kabla ya Krismasi na mafuta, mwengine anakuja baada ya mwaka mpya na ametuma pesa ya maji tayari, na shemeji mdogo ametuma kidole gumba tu sijui maana yake nini. Shangazi aliyetoka kwenye grupu hajarudi. Juzi nimesikia kwa watu kwamba amekata treni ya tarehe 23, yeye na wajukuu. Mimi hajaniambia. Simu yangu iko wazi, namngoja aniambie.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa Watatu,
Mtopanga, Mombasa